Namba moja ikibadilishwa, nani anajua? Namna daftari za ordinatere zinavyoweza kulinda mfuko wa mchimbaji wa Kalima

Wazee wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kule Kalima, katika teritware ya Pangi, jimbo la Maniema, methali hiyo si maneno ya kupitisha wakati. Mfuko wa kasiterite ukitoka kwenye site ya uchimbaji, unapimwa kwenye mizani, unafungwa, halafu unawekewa tagi, ni kusema kile kibandiko cha plastiki chenye namba. Agent anaandika namba ile kwenye daftari, pamoja na kilo, tarehe na jina la site. Kisha karatasi inasafiri, na mtu mwingine ambaye hajawahi kuona ule mfuko anaingiza namba zote ndani ya ordinatere.

Hapo ndipo maneno yanaanza. Kidole kikiteleza, kilo 46 zinageuka 64. Namba moja ya tagi ikiandikwa mara mbili, mifuko miwili inakuwa na jina moja. Mstari mmoja ukirukwa, mfuko uliopo mbele ya macho ya watu wote unakuwa kama haupo. Na mfuko ambao karatasi zake hazipatane unaweza kuzuiliwa kwenye depo siku nyingi. Wakati huo mchimbaji anangoja, mama anayemkopesha unga anangoja, na watoto wanangoja minerval ya shule.

Miaka hii programu zinazotunza data zimepata nguvu mpya za kuuliza na za kusahihisha. Ni habari ambayo inaonekana kuwa ya wataalamu wa mbali, lakini inagusa swali ambalo kila mtu wa Kalima anaweza kuuliza: namba yangu ikibadilishwa ndani ya mashini, nani atajua?

Kwa nini Kalima inaishi kwa namba

Kalima ilikua juu ya bati. Kampuni ya Symétain, iliyoanzishwa munamo mwaka 1932 wakati wa Wabelgiji, ndiyo ilijenga pale kambi za wafanyakazi na maofisi. Munamo 1976 kampuni za madini za Kivu na Maniema ziliunganishwa zikawa SOMINKI, na munamo 1997 ikazaliwa SAKIMA. Lakini leo sehemu kubwa ya kasiterite inatoka kwa mikono ya wachimbaji wadogo, wale wanaoitwa ma creuseur, wenye beche, barre à mine na karai.

Munamo mwezi wa 9 mwaka 2010, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni madini kuingia katika biashara ya watu wenye silaha. Katazo lile liliondolewa munamo mwezi wa 3 mwaka 2011. Wakati huohuo, Marekani ilikuwa imeisha kupitisha sheria ya Dodd-Frank, mwaka 2010, ambayo sehemu yake ya 1502 inadai kampuni zilizo kwenye soko la hisa la kule ziseme kama zinatumia bati, koltani, wolframite ao zahabu kutoka Kongo na inchi jirani. Wanunuzi wengi waliogopa. Mfuko usiokuwa na historia ukakosa mtu wa kuununua kwa bei nzuri.

Ndipo mpango wa iTSCi, ulioanzishwa na watu wa kazi ya bati duniani, ukaleta tagi. Mpangilio wake ni huu kwa ufupi: kwenye site, agent wa serkali anapima na kuweka tagi ya kwanza, ile ya mgodi. Kwa négociant, kisha matiere kusafishwa na kuchanganywa, inawekwa tagi ya pili. Kila hatua inaandikwa kwenye daftari. Site nazo zinapewa rangi kisha misheni ya ukaguzi: kijani ni kusema sawa, njano ni kusema kuna jambo la kurekebisha, nyekundu ni kusema hapana. Kwa kutoka inchini, mzigo unahitaji certificat ya CIRGL, ni kusema ya inchi za Maziwa Makuu.

Kwa hiyo namba ndiyo kitambulisho cha mfuko. Mtu akiharibu namba, ameharibu mfuko, hata kama hakugusa hata punje moja ya kasiterite.

Daftari iliyo ndani ya mashini

Kile ambacho maofisi wanaita base de données, ao hifadhi ya data, si muujiza. Ni daftari zenye mistari na safu, kama karne ya muuza duka. Tablo moja inatunza mifuko: namba ya tagi, kilo, tarehe, site. Tablo nyingine inatunza site: jina, groupement, rangi. Tablo ya tatu inatunza ma agent. Mfuko hauandikwi tena historia yote ya site. Unaandikwa tu alama ya site, na mashini inajua kwenda kutafuta yaliyobaki katika tablo ile nyingine.

Wazo hilo la tablo zinazohusiana lilitolewa na Edgar Codd, mtaalamu wa hesabu aliyefanya kazi kwa kampuni ya IBM, katika andiko lake la mwaka 1970. Miaka michache nyuma yake, wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitunga lugha ya kuzungumza na tablo hizo. Ndiyo inayoitwa leo SQL. Lugha hiyo ina amri nne za kila siku: SELECT ni kuuliza, INSERT ni kuingiza mstari mpya, UPDATE ni kubadilisha, DELETE ni kufuta.

Programu zinazoelewa SQL ni nyingi. Kuna zile za kulipia, kama Oracle. Kuna zile za bure, kama MariaDB na PostgreSQL. PostgreSQL ilitoka kwenye kazi ya Chuo Kikuu cha Berkeley, kule California, iliyoanza munamo 1986 chini ya Michael Stonebraker. Mtu yeyote anaweza kuichukua, kuiweka kwenye ordinatere yake na kuitumia bila kulipa faranka hata moja ya leseni. Kwa koperative ao kwa biro ndogo ya jimbo, jambo hilo si dogo. Ndiyo sababu mifano ya hapa inafuata PostgreSQL, ambayo kwa kawaida inatoa toleo kubwa jipya kila mwaka.

Tagi moja, mifuko miwili

Tuchukue mfano. Agent wa kwanza ameingiza tagi 0417, kilo 46. Kesho yake, agent wa pili anaingiza tena tagi 0417, kilo 51. Mmoja wao amekosea, ao karatasi moja imeingizwa mara mbili. Mashini ifanye nini?

Kama tablo ilitengenezwa vibaya, itapokea yote mawili, na huko mbele watu watagombana. Kama ilitengenezwa vizuri, namba ya tagi iliwekwa kuwa ufunguo, ni kusema haiwezi kurudiliwa. Hapo mashini inakataa mstari wa pili. Hiyo ni kanuni ya zamani.

Lakini kukataa peke yake kunaleta tatizo lingine. Kama agent anaingiza mistari 200 kwa mara moja, na mmoja tu ni mbaya, mistari yote 200 inaweza kurudishwa. Toleo la 9.5 la PostgreSQL, la mwezi wa 1 mwaka 2016, lilileta maneno ON CONFLICT. Maana yake ni: «ukikuta namba hii iko tayari, fanya hivi.» Mwenye kutengeneza programu anachagua. Anaweza kusema mstari ulioko ubaki vile ulivyo, ao anaweza kusema kilo mpya zichukue nafasi ya kilo za zamani. Mistari ile mingine 199 inapita bila shida. Na hata kama ma agent wawili wanaandika kwa dakika ileile, mmoja Kalima na mwingine Kindu, tagi haiwezi kuzaliwa mara mbili.

Hapa ndipo mwanainchi anapaswa kufungua macho. «Acha ya zamani» na «weka mpya» si kitu kimoja. Uchaguzi wa fundi katika mstari mmoja wa programu unaweza kuamua kama mchimbaji atalipwa kilo 46 ao kilo 51. Kwa hiyo si kazi ya fundi peke yake kuamua. Koperative, négociant na serkali wanapaswa kujua kanuni gani imeandikwa pale.

Kulinganisha daftari mbili kwa amri moja

Kazi kubwa ya kila juma ni kulinganisha. Orodha inatoka kwenye site, inafika kwenye biro, inalinganishwa na daftari kubwa. Kuna hali tatu. Ya kwanza: mfuko uko kwenye orodha na uko kwenye daftari kubwa, basi tunaangalia kama kilo zinapatana. Ya pili: mfuko uko kwenye orodha, lakini hauko kwenye daftari, basi tunauingiza. Ya tatu, na ndiyo nzito: mfuko uko kwenye daftari kubwa, lakini haumo kwenye orodha iliyofika. Ulienda wapi?

Zamani fundi alihitaji kuandika amri mbalimbali, moja kwa kila hali, na katikati ya amri mbili data iliweza kubadilika. Amri ya MERGE inafanya kazi yote kwa pigo moja. Oracle iliipata mapema, munamo 2001, na ikaingia kwenye kanuni za kimataifa za SQL munamo 2003. PostgreSQL ilichelewa: ilipokea MERGE katika toleo la 15, munamo mwezi wa 10 mwaka 2022. Na wakati ule ilijua hali mbili za kwanza tu. Hali ya tatu, ile ya mfuko usioonekana kwenye orodha, iliongezwa katika toleo la 17, munamo mwezi wa 9 mwaka 2024.

Toleo lile la 17 lilileta pia jambo lingine: MERGE ikimaliza kazi, inaweza kutoa ripoti ya kila mstari ulioguswa na kusema ulifanyiwa nini. Huu umeingizwa, ule umebadilishwa, ule umefutwa. Mbele ya hapo kazi ilifanyika kimya. Mtu aliona hesabu ya mistari, hakuona mistari yenyewe.

Kuna onyo moja. Kama ma agent wengi wanaandika kwa wakati mmoja, MERGE inaweza kugongana na mwandishi mwingine na kurudisha kosa. Kwa kuingiza tagi moja moja pahali penye watu wengi, ON CONFLICT ndiyo salama zaidi. MERGE inafaa kwa kulinganisha orodha nzima jioni, watu wakiwa wameacha kuandika.

Kilo za zamani na kilo mpya, mbele ya macho

Kasiterite inapoteza kilo njiani, na si lazima kuwe na mwizi. Ikitoka kwenye maji iko na unyevu, ikikauka inapungua. Kwa négociant inasafishwa tena, mchanga unatoka, kilo zinashuka tena. Kwa hiyo kubadilisha kilo kwenye daftari si dhambi. Dhambi ni kubadilisha bila kuacha alama.

Kwenye karne ya karatasi, mtu akikata 51 kwa biki na kuandika 46 pembeni, jicho linaona yote mawili. Ordinatere haina mkwaruzo wa biki. Ukibadilisha, ya zamani inatoweka. Kwa miaka mingi amri ya UPDATE katika PostgreSQL iliweza kurudisha namba mpya tu baada ya kazi, kwa neno RETURNING. Kuona ya zamani, fundi alihitaji kuuliza mbele, ao kutengeneza mtego pembeni.

Toleo la 18, lililotoka tarehe 25 mwezi wa 9 mwaka 2025, lilibadilisha hali hiyo. Sasa amri moja inaweza kurudisha ya zamani na mpya pamoja. Kwa tablo ya mfano wetu, inaandikwa hivi:

UPDATE mifuko SET kilo = 46 WHERE tagi = '0417' RETURNING old.kilo, new.kilo;

Jibu linakuja: 51, 46. Mashini imekiri yenyewe: ilikuwa 51, nimeweka 46. Jibu lile linaweza kuonyeshwa kwenye skrini mbele ya mwenye mfuko, linaweza kuchapwa kwenye risiti, na linaweza kutumwa palepale kwenye tablo nyingine ya historia pamoja na jina la agent, saa na sababu: unyevu, kusafishwa, kosa la kuandika.

Lakini tusidanganyane. PostgreSQL haitunzi historia hiyo yenyewe. Inaonyesha, halafu fundi ndiye anayepaswa kuitunza. Asipoitunza, jibu linapita kama sauti ya redio ambayo hakuna aliyeirekodi. MariaDB ilichukua njia nyingine: tangu toleo la 10.3, mwaka 2018, tablo inaweza kuwekwa itunze yenyewe kila hali ya zamani ya kila mstari, na mtu anaweza kuuliza «tarehe fulani mfuko huu ulikuwa na kilo ngapi?» Njia zote mbili zinafaa. Kukosa zote mbili ndiyo hatari.

Tagi zilizopewa site mbili kwa siku moja

Toleo hilo la 18 lilileta pia ulinzi wa tarehe. Tuseme fungu la tagi kutoka 0400 mpaka 0499 lilipewa site moja kuanzia tarehe 1 mpaka tarehe 15. Kwa kosa, ao kwa ujanja, mtu anaandika kwamba fungu lilelile lilipewa site nyingine kuanzia tarehe 10. Kwa siku kadhaa, fungu moja lina makao mawili. Hiyo ndiyo njia ya tagi kusafiri kutoka site ya kijani kwenda kufunga mfuko wa site nyingine.

Kwa maneno WITHOUT OVERLAPS, ufunguo wa tablo unaangalia namba pamoja na kipindi. Vipindi viwili vya fungu moja vikipandana hata siku moja, mashini inakataa. Hakuna haja ya agent mwenye kumbukumbu kali. Kukataa kumeandikwa ndani ya daftari yenyewe, na mkubwa wa kazi hawezi kupitisha kwa kusema «andika tu, nitakuja kueleza».

Kufuata mfuko kinyume mpaka kwenye shimo

Swali gumu kuliko yote linakuja site inapopoteza rangi ya kijani. Tuseme tarehe fulani site moja imekuwa nyekundu. Kwenye depo kuna mifuko 300. Mingine ina matiere ya site ile, mingine haina. Lakini négociant alichanganya: mifuko mitatu ya site mbalimbali ilizaa mfuko mmoja wenye tagi mpya, na mfuko ule ukachanganywa tena na mingine. Mfuko una wazazi, wazazi wana wazazi wao.

Bila daftari nzuri, biro inafanya jambo jepesi: inazuia yote 300. Wachimbaji wa site za kijani, wasiokuwa na kosa, wanalipia kosa la jirani. Kalima inajua uchungu wa adhabu ya namna hiyo. Katazo la 2010 lilifunga mashimo yote, mazuri na mabaya.

Hapa kuna ulizo la kujirudia, WITH RECURSIVE. Linaanza na mfuko mmoja, linatafuta wazazi wake, kisha wazazi wa wazazi, mpaka linafika kwenye tagi za mgodi ambazo hazina mzazi. PostgreSQL inalo tangu toleo la 8.4, mwaka 2009. Hatari yake ilikuwa ni duara: kama kwa kosa la kuandika mfuko A umezaliwa na B, na B umezaliwa na A, ulizo linazunguka bila mwisho. Toleo la 14, la mwaka 2021, lilileta neno CYCLE, linalotambua duara na kusimama. Na duara lenyewe ni habari, kwa kuwa mfuko hauwezi kujizaa. Pale kuna kosa ao kuna uongo.

Matokeo yake ni kwamba biro inaweza kusema: mifuko 41 ndiyo imeguswa, ile 259 iende zake. Namba hizo ni za mfano, lakini tofauti yake kwa familia ni ya kweli.

Hata umeme ukikatika katikati

Nguvu moja ya zamani inafaa kukumbushwa, juu ya hali ya umeme wetu. Négociant anapochanganya mifuko mitatu, kuna kazi mbili: kufunga ile mitatu na kufungua mmoja mpya. Umeme ukikatika katikati, mitatu inaweza kufungwa na mpya isizaliwe. Kilo zimepotea hewani.

Ndiyo sababu kazi hizo zinafungwa pamoja kama furushi moja. Ama zote zinapita, ama hakuna hata moja. Umeme ukirudi, mashini inakuta furushi halikufika mwisho, inarudisha kila kitu vile kilivyokuwa. Fundi asiyefunga furushi hilo ameacha mlango wazi, hata kama programu yake ni ya mwaka huu.

Si madini peke yake

Wagonjwa nao wako ndani ya tablo. Zone ya afya ya Kalima, kama zone zingine za Kongo, inatuma ripoti zake za kila mwezi katika programu ya DHIS2, ambayo ilianzia kwenye Chuo Kikuu cha Oslo, kule Norwe, na ambayo wizara ya afya inaitumia. DHIS2 inatunza data zake ndani ya PostgreSQL. Muuguzi anayeandika visa vya surua kwenye karatasi ya kituo cha afya anaongea, bila kujua, na daftari ya aina ileile.

Huko nako kusahihisha ni jambo la uzito. Kituo kikiandika visa 3, kisha kikaongeza visa 9 vilivyochelewa, jumla inapaswa kuwa 12. Kama aliyesahihisha aliweka 9 juu ya 3, visa vitatu vimefutwa, na hakuna aliyekusudia. Kuona ya zamani na mpya pamoja kunamfanya mtu ashtuke mbele ya kufunga ripoti.

Kile ordinatere haioni

Hakuna amri ya SQL inayoweza kutazama ndani ya mfuko. Mashini inaamini kile ilichoambiwa. Kama matiere ya site isiyoruhusiwa imebebwa usiku na kuwekewa tagi ya site ya kijani, tablo itakuwa safi, kilo zitapatana, na uongo utasafiri na karatasi nzuri.

Hilo si wazo la kubuni. Munamo mwezi wa 4 mwaka 2022, shirika la Global Witness lilitoa ripoti iliyoshutumu mpango wa iTSCi kwamba madini ya site zisizokubaliwa yalikuwa yanaingia ndani ya mfumo wa tagi. iTSCi ilikanusha mashtaka hayo. Munamo mwezi wa 10 mwaka ule, shirika la Responsible Minerals Initiative, ambalo kampuni nyingi za elektroniki zinalifuata, liliondoa iTSCi kwenye orodha ya mipango inayoitambua. Mjadala ule ulikuwa juu ya watu na udhibiti kwenye site, haukuwa juu ya ordinatere.

Lakini daftari nzuri inaweza kuonyesha mahali pa kwenda kuangalia. Site yenye wachimbaji 20 ikitoa ghafla kilo za watu 200, ulizo moja la SELECT linatosha kuionyesha. Kisha inahitajika pikipiki, mafuta, na mtu mwenye ujasiri wa kwenda kuona.

Maswali ambayo mwenye mfuko anaweza kuuliza

Hakuna anayeomba mchimbaji ajifunze SQL. Lakini koperative inaweza kuketi na wanaotunza data na kuuliza maswali matano ya kawaida:

1. Namba ya tagi ikiingizwa mara mbili, mashini inakataa, inaacha ya zamani, ao inaweka mpya?

2. Kilo zikibadilishwa, kilo za zamani zinatunzwa wapi, na kwa muda gani?

3. Jina la aliyebadilisha na sababu yake vinaandikwa?

4. Mfuko ulio kwenye daftari lakini haumo kwenye orodha unatafutwa na nani, na baada ya siku ngapi?

5. Site moja ikifungwa, mnaweza kutenganisha mifuko yake na mifuko ya wengine?

Sheria nayo iko. Code du numérique ya Kongo, iliyotiwa sahihi tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inampa mtu haki ya kuomba kujua data zinazomhusu na kuomba zisahihishwe zikiwa na kosa. Jina la mchimbaji na kadi yake ni data zinazomhusu.

Na kabla ya yote hayo, kuna kazi ambayo haiombi umeme wala mega za intaneti. Mfuko ukipimwa, mwenye mfuko aangalie mizani kwa macho yake, asome namba ya tagi, aiandike kwenye karne yake pamoja na kilo na tarehe, ao aipige picha kwa simu. Siku namba ya ordinatere itakapobishana na ya kwake, atakuwa na cha kuonyesha. Daftari mbili zikipatana, mali iko na habari yake. Zisipopatana, mazungumzo yanaanzia kwenye karatasi, si kwenye kelele.